Kuwa na Wa Pili Haitoshi: Historia ya DHCP, Kutoka Banissa

Wasee, wacha nianze na kosa langu mwenyewe.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo iliisha, nikarudi Banissa na laptopu moja na nusu ya kozi ya kompyuta kichwani. Abti yangu ana saiba ndogo sokoni: kompyuta 9, printa, na Wi-Fi ambayo anauzia watu kwa saa. Akaniambia, "Wewe si ulisomea hizi vitu? Kaa hapa." Nikakaa.

Asubuhi moja ruta ikazima. Ilikuwa karibu na siku ya mwisho ya kutuma maombi ya vyuo, na saiba ilikuwa imejaa vijana waliomaliza kidato cha nne. Tulihangaika nayo hadi ikawaka, lakini nikaapa haitatokea tena. Nikatafuta ruta ya pili, nikaichomeka kando ya ile ya kwanza, zote mbili zikawa zinafanya kazi. Kwangu hiyo ilikuwa akiba. Moja ikifa, nyingine inaendelea. Nikalala kama mtu aliyemaliza madeni.

Kesho yake, maze. Kompyuta hii inaingia mtandaoni, ile inatoka. Msichana mmoja anajaza fomu yake mara ya tatu, akibonyeza kutuma ukurasa unaganda, na naona machozi yanakaribia. Simu ya mteja ikipata neti, printa inapotea. Abti akanitazama (kwetu mjomba na mpwa huitana abti wote wawili) akasema, "Abti, juzi ilikuwa moja na imekufa. Leo ziko mbili na hazifanyi kazi. Afadhali gani?"

Sikuwa na jibu. Yule msichana alitumia simu yangu kutuma fomu, ikaingia, alhamdulillahi. Lakini swali la abti lilinikaa, na nikaanza kusoma. Nilichokuta ni historia ya miaka 40 ya watu wenye akili kuliko mimi wakipambana na swali hilohilo. Na nikikuambia inahusu pia kiti chetu cha ubunge, usicheke. Tutafika.

Kwanza, kilichotokea pale saiba. Kila kifaa kinachoingia kwenye mtandao kinahitaji anwani ya IP, namba yake ambayo hakuna mwingine anayo kwenye mtandao ule. Kuna kitu ndani ya ruta, kinaitwa DHCP, ambacho kazi yake ni kugawa hizo namba. Simu yako ikiingia Wi-Fi inapiga kelele, "Kuna mtu wa kunipa anwani hapa?" Seva inajibu, "Chukua hii." Simu inasema, "Naomba hiyohiyo." Seva inamaliza, "Sawa, ni yako kwa muda huu." Maneno manne, na imekwisha. Mimi niliweka wagawaji wawili wasiojuana. Mmoja akampa mteja namba inayoishia na 5, mwingine akampa mteja mwingine namba hiyohiyo. Shamba moja, hatimiliki mbili. Mkenya yeyote anajua hapo kinachofuata ni nini.

Zamani hakukuwa na mgawaji. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET kule Marekani ulihamia TCP/IP, lugha ambayo intaneti inaongea hadi leo. Anwani ilikuwa kazi ya mkono: mtu na daftari, anaandika namba, anatembea kwenye kila mashine kuiingiza. Mashine zilikuwa chache na kubwa, hazitoki chumbani, kwa hiyo daftari lilitosha.

Kisha zikaja mashine ndogo zisizo na diski ndani, ambazo zikizimwa husahau hata namba yao wenyewe. Mwaka 1984 watu wa chuo cha Stanford wakatoa RARP, njia ya mashine kuuliza, "Mimi ni nani?" Mwaka 1985 Bill Croft na John Gilmore wakatoa BOOTP, iliyofanya zaidi. Lakini zote mbili bado zilikuwa daftari, tofauti ni kwamba sasa lilikuwa ndani ya seva. Kila mashine ilipaswa kuandikishwa kwanza, na namba ikishatolewa ni ya mashine hiyo milele. Laptopu zilipoanza kuhamahama na wenyewe, mpango huo ukagoma. Mgeni anakuja na mashine yake siku mbili, unampa namba ya milele?

Oktoba 1993 Ralph Droms wa chuo cha Bucknell akaandika DHCP, na toleo tunalotumia hadi leo lilitoka Machi 1997. Wazo lake kubwa, kwangu mimi, ni moja: anwani haitolewi tena, inakodishwa. Ni lizi. Unapewa kwa muda, ukiihitaji bado unaomba tena, ukiondoka bila kuaga muda unaisha na namba inarudi kwenye kapu. Sisi watoto wa wafugaji hatuhitaji kufundishwa hili. Zamu kisimani ni yako wakati mifugo yako inakunywa. Ukiondoka, hukiachi kisima na jina lako juu yake.

Sasa swali la abti: anayegawa akifa je?

Mwanzoni huoni kitu, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Lizi ikifika nusu ya muda wake, kifaa kinamtafuta mgawaji wake kuomba nyongeza. Asipojibu, kinaendelea kutumia namba na kinajaribu tena. Muda ukifika kama asilimia 87.5, kinaacha kumsubiri yule wa kwanza na kupiga kelele kwa seva yoyote inayosikia. Muda ukiisha bila jibu, namba imepotea. Kompyuta nyingi hapo hujipa zenyewe namba inayoanza na 169.254. Ukiona hiyo kwenye mashine yako, ujue ilipiga hodi kila mlango na hakuna aliyefungua. Kwa hiyo kifo cha seva hakionekani siku ile ile. Waliokuwa ndani wanaendelea kuishi kwa ahadi za zamani, wanaokuja wapya ndio wanaobaki nje.

Dawa ya kwanza ya mafundi ilikuwa kugawa kapu. Seva ya kwanza inapewa asilimia 80 ya namba, ya pili 20, na hawaingiliani. Hiyo peke yake ingeniokoa. Lakini ina shida zake: yule wa pili hajui mwenzake alimpa nani nini, na kapu lake dogo linaweza kuisha kabla hujamfufua mkubwa. Kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990 watu wa IETF, wale wanaoandika kanuni za intaneti, wakaanza kuandika jinsi seva mbili zinavyoweza kushika daftari moja. Waliiita feilova. Mimi nitaiita kupokezana zamu.

Unaweza kudhani ni rahisi: wa kwanza akinyamaza, wa pili anachukua kila kitu. Hapana. Tatizo lote liko kwenye neno "akinyamaza".

Nikiwa chuoni Nairobi, kuna wiki nilimpigia hooyo, mama yangu, simu haishiki. Siku ya kwanza, hapana. Ya pili, hapana. Mtu wa kaunti zetu anajua hisia hiyo. Mandera, Wajir na Garissa zimeona minara ya simu ikilipuliwa na Al-Shabaab, na mnara ukianguka eneo zima linapotea: hakuna kupiga, hakuna M-Pesa, hakuna kitu. Sasa mimi Nairobi nifanyeje? Nianze matanga? Kimya cha hooyo kinaweza kumaanisha kitu kimepata hooyo, au kitu kimepata mnara. Kutoka nilipo, vyote viwili vinafanana kabisa. (Ilikuwa mnara. Hooyo alikuwa akishangaa kwa nini mimi sipigi.)

Seva ya pili iko hapohapo. Haisikii mwenzake. Je, amekufa, au waya kati yetu umekatika na yeye bado anagawa namba upande wa pili? Ukikisia amekufa na kumbe yuko hai, mnagawa kapu moja wote wawili, na mnarudi kwenye shamba lenye hatimiliki mbili. Saiba ya abti.

Jibu la wale waandishi lilinifanya niiheshimu hii kazi. Walitenganisha hali mbili. Ya kwanza ni "mawasiliano yamekatika". Ya pili ni "mwenzangu yuko chini". Kwenye ile ya kwanza, seva haijifanyi kujua. Inaendelea kumwongezea muda mteja yeyote aliyekuwa na namba, hata aliyepewa na mwenzake. Lakini wageni wapya inawapa kutoka fungu lake tu, kwa sababu namba zisizotumika zilishagawanywa kati yao wakati wa amani. Haigusi fungu la mwenzake. Kuingia hali ya pili, kwa kawaida anahitajika binadamu. Mtu anaenda, anaiangalia ile mashine, anarudi kutamka: huyu amekufa kweli. Programu kadhaa zinakuruhusu kuweka hilo litokee lenyewe baada ya muda fulani, lakini kwenye Windows Server, kwa mfano, unaikuta imezimwa. Ukiiwasha, kosa likitokea ni lako.

Hata sheria zetu ziko hivyo. Mtu akipotea, mali yake haigawanywi wiki ijayo. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inasubiri miaka 7 bila habari zake ndipo ihesabu kwamba amekufa. Kwenye fikihi kuna mlango mzima wa mtu aliyepotea, na anayetamka ni kadhi, si warithi.

Kuna ujanja mmoja zaidi, na ukiushika huu umewazidi mafundi wengi. Seva ikimpa mteja namba, inamjibu mteja kwanza kisha ndipo inamwambia mwenzake, ili mteja asingoje. Je, ikifa katikati, baada ya kuahidi na kabla ya kusema? Kuna ahadi huko nje ambayo aliyebaki haijui. Kwa hiyo wakaweka kanuni: hakuna kumwahidi mteja muda unaopita ule ambao mwenzako ameshaujua na kuukubali, isipokuwa kwa nyongeza ndogo iliyokubaliwa mapema. Nyongeza hiyo inaitwa MCLT, na kwenye Windows Server unaikuta saa 1. Ndiyo maana mgeni mpya kwenye mtandao kama huo hupewa kwanza lizi fupi ya saa 1, na akirudi kuomba nyongeza ndipo anapata muda kamili, maana sasa wote wawili wameandika. Na mmoja akitangazwa amekufa, aliyebaki husubiri MCLT ipite kwanza. Baada ya hapo ahadi zote za siri za marehemu zimekwisha. Zilizobaki ni zile zilizoandikwa, na hizo anaziheshimu hadi tarehe yake. Ndipo anarithi.

Halafu historia ina kichekesho chake. Hati yenyewe ya kupokezana zamu kwa IPv4 haikuwahi kuidhinishwa. Rasimu ya mwisho ilikuwa ya 2003, ikaisha muda, ikaachwa hapo. Lakini kazi yake inaishi. ISC, shirika lililotoa programu ya DHCP iliyoendesha sehemu kubwa ya dunia, liliiweka kwenye toleo la 3.0 mwaka 2001. Microsoft ikaileta kwenye Windows Server 2012. Ya IPv6 ndiyo iliyopata hati kamili, mwaka 2017. ISC nao mwishoni mwa 2022 wakaacha kuihudumia programu yao ya zamani na kuwahamishia watu kwenye Kea, ambayo inapokezana kwa mtindo wake tofauti.

Sasa turudi nyumbani.

Machi 2023 mbunge wetu wa Banissa, Kullow Maalim Hassan, alifariki Nairobi kufuatia ajali ya barabarani. Mungu amrehemu. Katiba ya Kenya, kifungu cha 101, ilishafikiria siku kama hiyo. Kiti kikibaki wazi, Spika anaiarifu IEBC, na uchaguzi mdogo unafanyika ndani ya siku 90. Ukiisoma unaona kabisa ni watu waliojua kwamba binadamu hufa. Kuna anayetangaza, kuna muda, kuna anayepokea.

Ila anayepokea alikuwa mmoja tu, na yeye pia alikuwa amezima. Makamishna wa IEBC waliobaki baada ya uchaguzi wa 2022 walimaliza muda wao Januari 2023, na wale wengine walikuwa wameshatoka au walikuwa njiani kutoka. Ofisi ilikuwepo, wafanyakazi walikuwepo, makamishna wa kuitisha uchaguzi hawakuwepo. Kukawa na mivutano ya kisiasa, mazungumzo, kesi mahakamani. Makamishna wapya waliapishwa Julai 2025. Uchaguzi mdogo wa Banissa ulifanyika tarehe 27 Novemba 2025. Siku 90 za Katiba ziligeuka zaidi ya siku 900.

Na kama kwenye seva, mwanzoni huoni kitu. Shule zilifunguliwa, soko lilijaa, mishahara ya waliokuwa na kazi iliendelea. Ahadi za zamani zilijiongeza zenyewe. Kinachokosekana ni kipya. Tarehe 25 Juni 2024 Bunge lilipigia kura Mswada wa Fedha: 195 wakaunga mkono, 106 wakapinga. Sisi vijana wa Banissa tulikuwa mtandaoni usiku na mchana kama wenzetu wa Nairobi na Kisumu, tunauliza mbunge wa nani amepiga kura gani. Nikitafuta wa kwetu, hakuna jina la kulaumu wala la kushukuru. Tulikuwa 169.254. Tumejipa namba wenyewe, tunaongea sisi kwa sisi, na hakuna mlango unaofunguka.

Usidhani ni Kenya tu. Anwani zote za IP za Afrika husimamiwa na AFRINIC, yenye makao Mauritius. Duniani kuna masajili kama hiyo 5, kila moja na eneo lake. Kwa sababu ya kesi na mivutano, AFRINIC ilikosa akidi ya bodi mwaka 2022. Septemba 2023 mahakama ya Mauritius ikateua mpokezi wa kuisimamia, na bodi mpya ilikuja kuchaguliwa Septemba 2025. Yaani wakati Banissa haina mbunge, taasisi inayogawa anwani kwa bara zima haikuwa na bodi. Waliokuwa na anwani zao waliendelea. Intaneti yako haikuzima. Ndiyo maana wengi hamkusikia.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Tunapenda kusema "weka wa pili". Ruta ya pili, jenereta ya pili, naibu wa huyu, naibu wa yule. Lakini wa pili ambaye hajakubaliana na wa kwanza ni vurugu tu, nimeionja. Na wa pili anayelala kwenye kitanda kimoja na wa kwanza si wa pili. Seva mbili kwenye ekstensheni moja ya stima ni seva moja. Makamishna wote wanaomaliza muda mwezi mmoja ni kamishna mmoja. Tungekuwa tumepanga vipindi vyao vipishane, wengine watoke mwaka huu na wengine miaka mitatu baadaye, Banissa isingengoja hivyo. Hilo halihitaji teknolojia. Linahitaji watu kukubali wakati wa amani kwamba siku moja mmoja wetu hatakuwepo.

Pale kwa abti nilianza kwa kuzima DHCP ya ruta moja, ugomvi ukaisha siku hiyohiyo. Baadaye nikachukua kompyuta mbili za zamani, nikaziweka Kea, moja ya kwanza na moja ya akiba. Kila moja ina betri yake na soketi yake. Saa zake nimezilinganisha, kwa sababu lizi ni hesabu ya muda, na seva mbili zisizokubaliana ni saa ngapi haziwezi kukubaliana nani amemaliza zamu. Kisha nikafanya kitu ambacho wengi hawafanyi: nikachomoa waya wa ya kwanza mchana, wateja wakiwa ndani. Moyo ulikuwa unapiga. Mteja mmoja alikuwa kwenye simu ya video na dada yake Minneapolis. Hakujua chochote.

Tatizo halijaisha, sitawadanganya. Zote mbili zinatoka nje kupitia laini moja, na laini hiyo inategemea mnara mmoja. Mnara ukianguka, nitakuwa na seva mbili hodari sana zikigawa anwani za kwenda popote pasipofikika. Abti ameshauliza ya satelaiti ni pesa ngapi. Nimemwambia. Amenyamaza.

Kimya chake, bado sijui ni hali gani kati ya zile mbili.